Fuata Joto, Utaona Umeme Unakokwenda



Mita ya LUKU inapoanza kulia usiku, kila mtu nyumbani huwa na mshitakiwa wake. Baba anaitaja televisheni inayokesha, mama anaitaja pasi, watoto wanalitaja friji la barafu za kuuza. Mwishowe lawama huiangukia taa ya barazani, kwa kuwa yenyewe ndiyo inayoonekana ikiwaka. Taa inazimwa, tokeni inanunuliwa, na baada ya siku chache mita inalia tena.

Naandika kuwaomba tuache kuisingizia taa. Tukivipanga mstari vyombo vyote vya umeme majumbani mwetu, tutaona kwamba vinavyokula uniti nyingi vina shughuli moja, nayo ni joto. Vingine vinalitengeneza: pasi, birika, hita ya kuogea, jiko la umeme. Vingine vinapambana nalo: pangaboi, kiyoyozi, friji, freza, feni ya mezani. Hata ile balbu ya zamani ya waya, inayounguza vidole ukiigusa, sehemu kubwa ya umeme wake inaishia kwenye joto na mwanga ni masalia tu. Redio, chaji ya simu na televisheni ya kisasa zinachukua kidogo.

Wito wangu basi ni mfupi: tulifuate joto. Linakoingilia nyumbani, tuzibe njia. Linakotengenezwa bila sababu, tulikomeshe. Na tuanze na nyumba yenyewe kabla ya kuhubiriana tabia. Tabia inahitaji kukumbushana kila siku, na mnajua wenyewe jinsi kukumbushana huko kunavyogeuka ugomvi. Dari ikishafungwa na mpira wa friji ukishabadilishwa, vinafanya kazi hata siku ambayo wote tumesahau.

Umeme upo, sasa tubane wa nini?

Swali hili nalisikia sana, na ni swali la haki. Tumetoka mbali. Waliokuwa watu wazima miaka ya 1990 wanakumbuka maji ya Bwawa la Mtera yalivyopungua na giza likaingia mijini. Mgao ulirudi mwaka 2006, ukarudi 2011, na kati ya mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 tulikuwa tena tunaulizana ratiba ya kukatiwa. Kisha Februari 2024 mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere, kwenye Mto Rufiji, ikaanza kuzalisha. Leo bwawa hilo lina mashine tisa, kila moja ya megawati 235, jumla megawati 2,115. Ni kazi kubwa na tuna kila sababu ya kuijivunia.

Lakini kati ya Rufiji na sebule yako kuna safari ndefu. Umeme unapita kwenye nyaya za msongo mkubwa, kwenye vituo vya kupozea, kisha kwenye transfoma ya mtaa, ndipo uingie kwenye mita. Kila hatua inautoza, maana waya unaopitisha umeme mwingi hupata moto na moto huo ni umeme uliopotea. Transfoma nayo ina kipimo chake. Mtaa uliokuwa na nyumba chache wakati transfoma ilipofungwa leo umejaa vyumba vya kupanga, saluni, mashine za kusaga na freza za maduka. Ikifika saa moja usiku kila mtu anawasha kila kitu kwa pamoja, taa zinafifia, pangaboi linazunguka kwa uvivu, na friji la nyumba ya mwisho wa laini linaguna bila kupoza. Hata bwawa liwe kubwa kiasi gani, haliwezi kulitibu hilo. Wanaoweza kulipunguza leo ni majirani wanaotumia transfoma hiyo.

Ipo sababu nyingine, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Gesi itabeba sehemu, na umeme utabeba sehemu. Kwa hiyo ninapowaomba kupunguza matumizi, simwombi mtu arudi kwenye mkaa. Anayezima jiko la umeme ili akawashe mkaa hajaokoa chochote. Amehamisha gharama kutoka kwenye mita akaipeleka kwenye mapafu ya mpishi na kwenye misitu ya Pwani na Morogoro. Namwomba azitoe uniti zinazoteketea juu ya paa lake, azipeleke jikoni.

Na fedha je? Katika bei zilizoidhinishwa na mdhibiti wa nishati, EWURA, mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 analipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. Mteja wa kawaida wa T1 analipa shilingi 292 kwa kila uniti. Ukiongeza kodi na tozo za wakati huo, zile 100 zilikuwa 122, na zile 292 zilikuwa takribani 356. Kwa aliye D1, mstari wa uniti 75 ni mpaka halisi wa maisha: uniti ya 76 inamgharimu mara tatu na nusu ya ile ya 75. Kwa aliye T1, kila uniti anayoiokoa ni nauli ya daladala au kipimo cha dagaa.

Anza na daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Umeme ni mali, nasi tunaununua kwa simu na kusahau kiasi papo hapo. Tafuta daftari la shule lililobaki kurasa. Kila asubuhi saa kumi na mbili andika uniti zilizobaki kwenye mita. Fanya hivyo wiki moja tu, bila kubadilisha chochote nyumbani. Utajua nyumba yako inakula uniti ngapi kwa siku, na utajua siku ipi ilikula zaidi na kulikuwa na nini siku hiyo.

Kisha fanya jaribio la pili. Soma mita kabla ya kulala na uisome tena ukiamka. Zilizopungua usiku hazikuliwa na mtu aliyekuwa macho. Zimeliwa na friji, feni, kiyoyozi kama kipo, na vyombo vilivyoachwa vikisubiri. King'amuzi kinachochukua wati 10, kikiachwa kwenye umeme usiku na mchana, kinamaliza uniti 7 kwa mwezi bila mtu kutazama hata taarifa ya habari.

Jaribio la tatu ni la usalama zaidi kuliko fedha. Zima na chomoa kila kitu, halafu itazame ile taa ndogo ya mita inayopepesa kadiri umeme unavyotumika. Ikiendelea kupepesa wakati nyumba nzima imezimwa, umeme unavuja mahali fulani, au kuna mtu amejiunga kwenye laini yako. Mwite fundi mwenye leseni achunguze. Waya uliochubuka ndani ya ukuta au kiungo kilicholegea kwenye soketi hukuibia uniti leo na huweza kuunguza nyumba kesho.

Ukishapata hesabu ya siku, tafuta walaji wakubwa. Hesabu yake haihitaji elimu ya juu. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Soma wati zilizoandikwa nyuma ya chombo, zidisha kwa saa, gawanya kwa 1,000. Chukua balbu tano za waya za wati 60, zinazowaka saa tano kila usiku: kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 45. Weka taa za LED za wati 9 mahali pake, mwanga ule ule, zinakuwa uniti 7 hivi. Zimeokolewa uniti 38, ambazo kwa mteja wa T1, kwa bei hiyo, ni zaidi ya shilingi 13,500 kila mwezi. Kwa mteja wa D1, huenda ndizo zilizokuwa zinamvusha mpaka wa 75. Nyumba ambayo bado ina balbu za waya ianzie hapo, tena leo. Unaponunua LED, dai yenye alama ya TBS na muuzaji akuandikie dhamana, kwa sababu zile za bei ya kutupa mara nyingi hazimalizi hata msimu mmoja.

Paa linalopika

Sasa tupande juu. Nyumba nyingi zinazojengwa Dar es Salaam, Kibaha, Tanga, Morogoro na hata Dodoma zimeezekwa bati. Saa saba mchana, Januari, bati hilo haliguswi kwa mkono. Joto lake linashuka chumbani hadi usiku, na ndiyo maana mtu analala pangaboi likiwa kwenye namba ya mwisho na bado jasho linamtoka. Pangaboi la wati 70 likizunguka saa kumi kwa usiku linakula uniti 21 kwa mwezi. Vyumba vitatu ni uniti 63, karibu posho yote ya D1. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba cha kulala kinaweza kula uniti nne au tano kwa usiku mmoja. Hizo zote ni fidia tunayolipa kwa kosa lililofanywa siku ya kupaua.

Kosa la kwanza ni rangi. Mtindo wa siku hizi ni bati la msauzi la rangi ya kahawa, damu ya mzee au kijivu cha makaa. Linapendeza barabarani, ila rangi iliyokoza inameza jua. Nyeupe, krimu au rangi nyingine hafifu inalirudisha jua lilikotoka kwa sehemu kubwa. Bei dukani mara nyingi ni ile ile, mchoro ni ule ule, tofauti ni kibao cha rangi ulichokinyooshea kidole. Aliyekwisha kuezeka rangi ya giza bado ana njia: rangi nyeupe maalumu ya mabati, ipakwe baada ya bati kuoshwa vizuri na kutu kukwanguliwa. Asipake chokaa ya ukutani, maana mvua za masika zitaiosha na bati litaliwa.

Kosa la pili ni kuacha kenchi wazi au kufunga dari bila kuachia hewa. Dari, iwe ya jipsamu au silingi bodi, ni kinga nzuri, lakini hewa iliyonaswa kati yake na bati inageuka tanuri. Tundu za kupitishia hewa pande mbili za paa, zenye wavu wa kuzuia popo na ndege, zinalitoa joto hilo nje bila hata senti ya umeme. Anayepaua upya amwombe fundi atandaze chini ya bati ile karatasi ya kung'aa yenye rangi ya fedha. Ni kazi ya siku moja kabla bati halijapigiliwa. Baada ya hapo inakuwa kazi ya kubomoa.

Kosa la tatu limekuja na fasheni ya nyumba zenye paa lililofichwa nyuma ya ukuta. Zinaitwa za kisasa, na sina ugomvi na ladha ya mtu. Ila zimeondoa upenu. Bila upenu jua la saa tisa alasiri linapiga ukuta wa magharibi moja kwa moja, tofali linashiba joto, na linaanza kulitoa chumbani saa ya kulala. Wazee wa pwani walilijua jambo hili. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja zina kuta nene za matumbawe na chokaa, dari za juu, ua wa ndani na vichochoro vinavyotiliana kivuli, na zilikaliwa karne na karne bila pangaboi. Hatuwezi wote kujenga hivyo leo. Lakini tunaweza kudai upenu wa kutosha, kibaraza upande wa jua la jioni, na ukuta mweupe.

Madirisha nayo yanastahili neno. Upepo wetu una tabia inayojulikana: kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi hushika zamu katikati ya mwaka. Chumba chenye dirisha upande mmoja tu hakipitishi upepo wowote kati ya hizo mbili. Dirisha la alumini la kusukuma linafunguka nusu tu hata ukilisukuma hadi mwisho. La kufungua kama mlango, au la vioo vya vipande, linaingiza hewa yote. Na wavu wa mbu uliojaa vumbi la barabara unazuia upepo karibu kama pazia. Kuuosha kila mwezi ni kazi ya dakika chache.

Mwisho wa sehemu hii, mti. Mwarobaini, mkungu au mwembe ukipandwa upande wa magharibi utafanya kazi ambayo kiyoyozi hakiwezi: utazuia joto lisifike. Usiupande chini ya nyaya, TANESCO watakuja kuukata na watakuwa na haki. Na tusifunike ua wote kwa pevingi. Bakiza nyasi na udongo kidogo, nyumba itapoa mapema jioni.

Friji, maji ya kuoga na chungu

Friji ndicho chombo kinachofanya kazi usiku na mchana mwaka mzima, kwa hiyo kosa dogo ndani yake hujumlishwa saa kwa saa. Friji jipya la ukubwa wa kati linakula takribani uniti moja kwa siku. Kuukuu lenye mpira uliolegea linaweza kula mara mbili. Bana noti kwenye mlango wa friji, uufunge, kisha uivute. Ikitoka bila ubishi, mpira umechoka, na fundi friji anaweza kuubadilisha kwa gharama ndogo kuliko friji jipya. Lisogeze mbali na ukuta ili lipumue, liondoe karibu na jiko na dirisha la jua, pangusa vumbi kwenye bomba za nyuma, na yeyusha barafu kabla haijawa nene. Anayetafuta la mtumba ajiulize kwanza lilikula umeme kiasi gani huko lilikotoka. Bei nafuu ya siku ya kununua inaweza kulipwa mara tatu kupitia LUKU.

Maji ya kuoga ni habari ya mikoa. Kwa ndugu zangu wa Mbeya, Njombe, Iringa, Lushoto na Arusha, Juni na Julai si miezi ya mzaha, na simwambii mtu aoge maji ya barafu. Lakini hita ya bomba ya papo kwa papo hubeba wati 5,000 hivi. Dakika kumi ni zaidi ya robo tatu ya uniti. Familia ya watu watano, kila mmoja dakika kumi, ni uniti 4 na zaidi kwa siku, yaani zaidi ya 120 kwa mwezi. Kupasha lita 15 za ndoo hadi uvuguvugu kunahitaji chini ya nusu uniti tu. Hita ya jua juu ya paa ni gharama ya mara moja, na kwa nyumba ya wageni, hosteli au familia kubwa inajilipa. Huku Dar es Salaam na Tanga mambo ni mepesi zaidi: simtanki lililopigwa na jua mchana kutwa lina maji ya vuguvugu jioni. Oga mapema, hita ipumzike.

Ukitaja simtanki, itaje na pampu. Choo kinachovuja taratibu usiku kucha kinalimwaga tangi, na pampu inawaka kulijaza tena. Koki ya shilingi chache inaweza kuwa ndiyo mwizi wa LUKU uliyemtafuta miezi yote.

Jikoni, kinachookoa ni kifuniko na muda. Maharage yaliyolowekwa usiku, yakipikwa kwenye presha kuka ya umeme, huiva kwa chini ya nusu uniti. Kwenye jiko la koili, sufuria wazi, yanaweza kuchukua uniti mbili. Birika lisichemshe lita mbili kwa kikombe kimoja. Na pasi iwashwe mara moja kwa nguo za wiki nzima, kwa sababu kila ikipoa na kupashwa upya unalipa kiingilio.

Mita moja, vyumba sita

Sasa nizungumze na waliosahauliwa katika ushauri wa aina hii. Mamia ya maelfu ya kaya zetu hazina paa la kupaka rangi wala mita ya kujisomea. Zinaishi chumba na sebule, au chumba kimoja, kwenye nyumba ya uani yenye LUKU moja, na umeme unachangwa. Wenye friji na wenye taa moja wanatoa sawa, au wanatoa kwa makadirio ya mwenye sauti kubwa. Matokeo yake tunayajua: hakuna anayebana, kwa kuwa anachookoa yeye kinaliwa na chumba cha pili. Uniti zikiisha, zinaanza amri. Pasi marufuku. Jiko la umeme marufuku. Anayeonewa zaidi ni yule mwenye taa moja na chaji ya simu.

Dawa ipo, na ni ya uwazi kuliko ya ukali. Iliyo bora ni mita ndogo kwa kila chumba, inayofungwa na fundi baada ya mita kuu. Kila mmoja anachangia alichokula. Ambapo hilo haliwezekani kwa sasa, kaeni jioni moja na karatasi. Kila chumba kitaje vyombo vyake, wati na saa, mzidishe mbele ya wote, mgawane kwa uwiano. Mwenye friji ataona mwenyewe kwamba sehemu yake ni kubwa, na mwenye taa moja atapumua. Nimeona ugomvi wa miaka ukiisha kwa hesabu ya namna hii, kwa sababu watu wengi hawakatai kulipa chao, wanachokataa ni kulipa cha mwenzao.

Na wewe mwenye nyumba, ninakuheshimu na ninakuomba. Mpangaji hawezi kununua bati lako wala kutoboa tundu kwenye dari yako. Unapokarabati, kumbuka kwamba chumba chenye dari, dirisha linalopitisha upepo na paa la rangi hafifu kinakaliwa muda mrefu. Mpangaji asiyehama kila miezi sita ni faida yako, na chumba kisichokaa wazi ni faida kubwa kuliko bei ya ndoo chache za rangi.

Twendeni pamoja

Wenyeviti wa mitaa, kwenye mkutano ujao wa wakazi ongezeni agenda moja: hali ya transfoma yetu na tunavyoitumia. Mkiwa na madaftari ya nyumba kumi tu, mtakwenda ofisi ya TANESCO ya wilaya na hoja yenye tarakimu badala ya malalamiko.

Viongozi wa misikiti na makanisa, majengo yenu ni makubwa na taa zake ni nyingi. Badilisheni balbu, fungueni madirisha ya juu, kisha waambieni waumini kilichookolewa ni kiasi gani. Watu wanaamini walichokiona kikifanyika kuliko walichohubiriwa.

Walimu, wapeni wanafunzi hesabu ya wati na saa kutoka majumbani kwao. Mtoto wa darasa la sita akiijua, ndiye atakayekuwa mkaguzi mkali kuliko baba.

Mafundi, nyinyi mna sauti kuliko makala hii. Fundi wa kupaua, mteja anasikiliza unalosema unapokuwa juu ya kenchi. Fundi umeme, unapofunga nyumba mpya weka swichi ya kuzima soketi za sebuleni zote kwa mara moja, uonyeshe familia pa kubonyeza wanapokwenda kulala. Fundi friji, mwambie mteja ukweli kuhusu mpira wa mlango hata kama amekuja kwa ajili ya gesi.

Na kila kaya ichague jambo moja kwa mwezi, si yote kwa siku moja. Mwezi wa kwanza daftari na balbu. Wa pili friji na vyombo vinavyosubiri bure. Wa tatu maji ya moto na jiko. Paa na madirisha yapangiwe akiba, kama tunavyopanga ada. Baada ya hapo ndipo anayewaza sola aanze kuwaza, kwa kuwa nyumba iliyopunguza mahitaji inatosheka na paneli chache na betri ndogo.

Kuna kundi moja lisiloweza kusubiri mwezi. Huko Chanika, Goba, Bunju, Mbagala, Kibaha na Mkuranga, nyumba zinafikia lenta na kenchi kila wiki. Balbu mbaya utaishi nayo mwaka. Paa baya utaishi nalo miaka thelathini, ukilipa kila mwezi. Rangi ya bati, tundu za hewa, karatasi ya chini ya bati, urefu wa upenu na upande wa madirisha, vyote vinaamuliwa katika siku chache, mara nyingi dukani, na mtu aliyechoka kwa kutafuta fedha. Kama una ndugu, jirani au mfanyakazi mwenzako anayepaua mwezi huu, mpigie simu leo, kabla hajalipia mabati.